Maeneokazi matatu, kanzu moja: kisa cha kompyuta ya duka la Langoni

Duka lenyewe ni chumba kimoja pembeni mwa Usita wa Mui, upande wa Langoni, Lamu: printa mbili, mashine ya kutoa kopi, na kompyuta moja ya ex-UK inayobeba kazi zote. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha 4, RAM ni GB 8, diski ni SSD ya GB 240, na mfumo ni Debian 13, toleo la Linux lililotoka Agosti 2025. Watumiaji ni watatu. Mwenye duka, mtu mzima, huandika hesabu, risiti na barua za watu. Mpwa wake huchora kadi za harusi na mabango ya Maulidi kwa Inkscape na GIMP. Jioni huketi binti wa mwenye duka, mwanafunzi wa sekondari, kufanya kazi za shule.

Kila mmoja ana eneokazi alipendalo, yaani mpangilio wa skrini, menyu na madirisha anaofanyia kazi. Kompyuta ilikuja na GNOME 48, na binti akaizoea kama alivyoikuta. Mpwa akaongeza KDE Plasma 6.3, kwa kuwa anapenda kupanga paneli na njia za mkato za kibodi atakavyo. Mwenye duka alitaka menyu iwe pembe moja na saa iwe pembe nyingine, kama kompyuta aliyojifunzia miaka hiyo, akawekewa Xfce 4.20. Mpaka hapo hakuna kosa. Linux haikatazi maeneokazi matatu, wala kumi. Kosa ni kwamba wote watatu waliingia kwa akaunti moja, iliyoitwa duka, kila mtu akichagua eneokazi lake kwenye skrini ya kuingilia.

Baada ya majuma machache mashine ikawa haieleweki. "Mwanangu, kompyuta hii imepagawa," mwenye duka alimwambia fundi. "Jana dirisha jeupe, leo jeusi, na mimi sikugusa kitu."

"Haikupagawa, Ami," fundi akajibu. "Watu watatu wamevaa kanzu moja."

Dalili

Rangi ndiyo iliyoonekana kwanza. Mpwa akichagua rangi nyeusi kwenye Plasma, kesho yake baadhi ya madirisha ya Xfce huamka meusi na mengine yamebaki meupe, na kishale cha kipanya kimebadilika umbo hadi kwenye GNOME. Pili, Chromium ilikuwa ikisahau: barua pepe ya duka iliyofunguliwa asubuhi kwenye Xfce, mchana kwenye Plasma inaomba nywila upya. Tatu, mara kwa mara programu ikibonyezwa ilikaa kimya muda mrefu kabla ya kufunguka. Fundi alipopima kwa saa, muda ulikuwa uleule kila mara: sekunde 25. Nne, binti akibonyeza Super+L (Super ni kitufe chenye nembo ya Windows) ili kufunga skrini kwenye GNOME, haikufunga. Juu ya hayo kulikuwa na kero ndogo: menyu ya mwenye duka imejaa michezo ya karata na kutafuta mabomu, na risiti ya PDF inafunguka katika programu tofauti kila siku.

Kabla ya kushuku programu ni busara kuangalia chuma. Upepo wa Lamu una chumvi, na mashine iliyokaa karibu na mlango hula kutu kwenye sehemu za kuunganishia. Amri ya sudo smartctl -a /dev/sda (sudo ni ruhusa ya msimamizi; pakiti inaitwa smartmontools) ilionyesha diski ni nzima, na sudo dmesg --level=err haikutoa kosa la diski wala la RAM. Njia hiyo ikafungwa.

Akaunti ngeni

Hatua iliyotoa jibu ilichukua dakika kumi, na mafundi wengi huiruka wakakimbilia kufuta na kuweka mfumo upya. Fundi alifungua akaunti isiyo na historia:

sudo adduser jaribio

Akaingia nayo kwenye GNOME, akatoka, akaanzisha kompyuta upya, akaingia Xfce, akatoka, akaanzisha upya, kisha Plasma. Kote huko rangi zilikuwa shwari na programu zilifunguka papo hapo. Kati ya dalili zile nne, moja tu ilibaki: skrini ya GNOME bado haikufunga. Kwa hiyo matatizo yakagawanyika mafungu mawili. Hilo la kufunga skrini ni la mfumo mzima. Dalili nyingine tatu zilikuwa ndani ya /home/duka.

Hapo ndipo kiini cha kisa hiki. Programu za maeneokazi haya zikikaa pamoja ndani ya /usr, folda ya programu za mfumo, hazigombani. Debian imezipanga zisigusane. Zinagombana kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji, kwa sababu kila moja hudhani kwamba mipangilio iliyo humo ni yake peke yake. KDE na Xfce zilianza 1996, GNOME ikafuata 1997, kila moja na watu wake. Makubaliano ya pamoja kuhusu mafaili ya menyu, programu chaguo-msingi na mengineyo yalikuja baadaye kupitia freedesktop.org, iliyoanzishwa 2000. Makubaliano hayo ndiyo yanayofanya programu ya KDE ionekane kwenye menyu ya Xfce. Ndiyo pia yanayofanya maeneokazi yagombee faili moja.

Tuanze na rangi. Plasma ina kijisehemu kinachojaribu kuzifanya programu za GTK (zana za kuchorea madirisha zinazotumiwa na GNOME na Xfce) zifanane na za KDE, na nia yake ni njema. Huandika jina la mandhari, ikoni, fonti na kishale ndani ya ~/.config/gtk-3.0/settings.ini (alama ~ ni folda ya nyumbani), pia kwenye hifadhi ileile ya mipangilio ambayo GNOME huisoma. Ukichagua rangi nyeusi, hukuachia mstari huu:

gtk-application-prefer-dark-theme=true

Sasa ingia Xfce. Xfce ina njia yake ya kuziambia programu jina la mandhari, na jina hilo hushinda lile lililo kwenye faili. Lakini mstari wa weusi hauna mshindani huko, basi unabaki na nguvu. Matokeo yake ni mandhari ya Xfce katika sura yake nyeusi, kwa baadhi ya programu tu, na nyingine hazijui habari hiyo. Mtu akitaka kuhakikisha kwenye mashine yake, amri mbili zinatosha:

grep dark ~/.config/gtk-3.0/settings.ini
gsettings get org.gnome.desktop.interface gtk-theme

Ya pili ikijibu 'Breeze' ilhali umo ndani ya GNOME, Plasma ilipita hapo. Unaweza kufuta kwa gsettings reset na kulihamisha lile faili la settings.ini, na mambo yatatengenea. Siku mpwa akiingia Plasma tena, yote huandikwa upya. Ni kufua maji chomboni na tundu li wazi.

Chromium nayo haina ugonjwa. Hufunga nywila na vidakuzi kwa ufunguo, na ufunguo huo hauweki kwenye folda yake. Humpa mtunza funguo wa eneokazi. Ndani ya Plasma mtunzaji ni KWallet, ndani ya GNOME na Xfce ni gnome-keyring. Ukivuka kutoka huku kwenda kule, Chromium inakuta kufuli lakini ufunguo uko kwa mwingine, basi inakuona mgeni. Firefox haikuwa na shida hiyo, maana ufunguo wake hukaa pamoja na wasifu wake ndani ya ~/.mozilla. Mtu mmoja anayependa kuhama eneokazi kwa akaunti moja anaweza kuilazimisha Chromium itumie mtunzaji mmoja kwa kuongeza --password-store=gnome-libsecret. Kwenye Debian mahali pake ni faili ndani ya /etc/chromium.d/:

export CHROMIUM_FLAGS="$CHROMIUM_FLAGS --password-store=gnome-libsecret"

Sekunde 25 zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo dalili inayowapoteza wengi. Idadi hiyo si ya kubahatisha. Ni muda ambao programu humsubiri mwenzake kwenye basi la D-Bus, njia ya programu kupelekeana ujumbe, kabla ya kukata tamaa. Ukipima ucheleweshaji ukakuta ni 25 kamili, acha kulaumu RAM. Kuna huduma iliyoitwa isiitike.

Kwa nini haikuitika? Mtu akitoka kwenye kikao chake, systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, hamfungii mara moja. Meneja wa huduma za mtumiaji huyo hubaki hai kwa sekunde 10 zaidi, na hubaki muda mrefu zaidi ikiwa kuna mchakato uliogoma kufa. Dukani hali ilikuwa hivi: mpwa anatoka Plasma, mwenye duka anaingia Xfce papo hapo, akaunti ni ileile. Meneja ni yuleyule, basi la D-Bus ni lilelile, na huduma zilizoanzishwa na Plasma zingali zinashikilia habari za skrini ya Wayland (mfumo mpya wa kuchora skrini) ambayo haipo tena. Xfce hapo inaendeshwa kwa X11, mfumo wa zamani. Programu inauliza dirisha la kuchagua faili lifunguliwe vipi, swali linakwenda kwa huduma ya KDE iliyobaki yatima, nayo haina skrini ya kuchorea. Kimya, sekunde 25, kisha mambo yanaendelea.

Ushahidi ulipatikana kwa amri hizi, zilizotolewa ndani ya Xfce mara tu baada ya kuhama:

loginctl list-sessions
systemctl --user show-environment | grep -E 'DESKTOP|WAYLAND'

Ya kwanza ilionyesha kikao cha zamani kingali kwenye orodha. Ya pili ilionyesha WAYLAND_DISPLAY=wayland-0 ndani ya kikao cha X11, jambo lisilopasa kuwapo. Asiyetaka kugawa akaunti ana dawa nyepesi: toka, hesabu mpaka kumi na tano, ndipo uingie. Kikao kikigoma kufa, msimamizi anaweza kuandika sudo loginctl terminate-user duka.

Vilevile isijaribiwe kufungua Plasma na Xfce kwa pamoja, kwa mtumiaji yuleyule, moja kwenye Ctrl+Alt+F2 na nyingine kwenye F3. Basi la D-Bus ni moja kwa kila mtumiaji. Atakayefika wa pili atakuta kiti cha arifa, cha ufunguo na cha mipangilio vimekaliwa. Kwa kuonja tu, Xephyr (pakiti ni xserver-xephyr) hufungua skrini ndogo ndani ya dirisha, na dbus-run-session hukipa kikao hicho basi lake:

Xephyr :2 -screen 1024x768 &
DISPLAY=:2 dbus-run-session -- startxfce4

Hata hivyo mipangilio utakayobadilisha humo itaandikwa kwenye folda yako ileile ya ~/.config. Ni ya kuonja, si ya kufanyia kazi.

Bawabu

Lile la Super+L lina hadithi yake. Programu inayoonyesha skrini ya kuingilia, tuiite bawabu, iko moja kwa kila eneokazi kubwa: GNOME huja na GDM, Plasma huja na SDDM, na Xfce ya Debian huja na LightDM. Wote watatu wanaweza kukaa kwenye diski, lakini mlangoni husimama mmoja. Mpwa alipoweka Plasma, apt (programu ya kuweka pakiti) ilimuuliza bawabu awe nani, akachagua sddm bila kufikiri sana. Sasa, kufunga skrini kwa GNOME hakufanywi na GNOME peke yake, humtegemea GDM. Asipokuwapo GDM mlangoni, GNOME haifungi. Plasma ina kifungio chake kisichojali bawabu. Kwa hiyo palipo na GNOME kati ya maeneokazi kadhaa, bawabu awe GDM, bila mjadala:

sudo dpkg-reconfigure gdm3
cat /etc/X11/default-display-manager

Ya pili ijibu /usr/sbin/gdm3, kisha kompyuta ianzishwe upya. Kwa duka linalopokea nakala za vitambulisho vya watu, skrini isiyofunga si jambo dogo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamhusu hata mwenye mashine moja ya kopi.

Mabadiliko hayo yalizaa kero upande wa Xfce. Kama kifungio kilichowekwa ni light-locker, hicho kinamtegemea LightDM na hakifai kitu chini ya GDM. Kikaondolewa, likawekwa xfce4-screensaver, lenye dirisha lake la nywila.

Matengenezo

Uamuzi ulikuwa akaunti tatu: hesabu, michoro na shule, kila moja na eneokazi moja. Akaunti ya zamani ilihifadhiwa kwanza kwenye diski ya nje. Ikiwa diski hiyo ni ya ext4, mpangilio wa diski wa Linux, amri ya kunakili rsync -aHAX inatosha. Ikiwa ni flash ya FAT32, ruhusa za mafaili hupotea na faili moja haliwezi kufika GB 4, basi fungasha kwa tar na ukate vipande:

sudo tar -cpzf - /home/duka | split -b 3G - duka.tgz.

Kuna mtego hapa. Akaunti ya duka ndiyo pekee iliyokuwa na sudo. Ukiifunga kabla ya kumpa mwingine, umejifungia nje ya nyumba yako. Mpwa akapewa kwanza kwa sudo adduser michoro sudo, akaingia, akajaribu sudo apt update, ikakubali. Ndipo ikaandikwa sudo usermod -L duka. Akaunti haikufutwa. Iache mwezi mzima, kwa kuwa kila mara kuna faili lililosahauliwa.

Kilichohamishwa ni nyaraka, picha, fonti zilizo ndani ya ~/.local/share/fonts, na folda ya ~/.mozilla kwa mwenye duka, Firefox ikiwa imefungwa. Folda ya ~/.config haikuhamishwa hata kidogo, maana ugonjwa wote umo humo. Mtu akihamisha hiyo amehama nyumba na kunguni wake. Amri ilikuwa ya namna hii:

sudo rsync -a --chown=hesabu:hesabu /home/duka/Documents/ /home/hesabu/Documents/

Eneokazi la kila mmoja lilichaguliwa mara moja tu. Kwenye GDM bonyeza jina, kisha gurudumu dogo lililo chini kulia, chagua, andika nywila. GDM hukumbuka kwa kila mtumiaji. Gurudumu hilo halionekani kwa mtu ambaye kikao chake tayari kiko wazi, na hapo wengi hudhani limeharibika. Kumbukumbu yenyewe iko ndani ya /var/lib/AccountsService/users/, mstari wa Session=xfce. Kwenye Plasma 6, plasma ni ya Wayland na plasmax11 ni ya X11. Jina linalotumika ni la faili lililo ndani ya /usr/share/wayland-sessions au /usr/share/xsessions, bila kiambishi cha .desktop.

Michezo kwenye menyu ilitokana na kuweka kde-full, ambayo huleta kila kitu cha KDE, hadi michezo na programu za shule. Plasma yenyewe ni kde-plasma-desktop. Utaratibu una mpangilio wake: kwanza itie alama ya kudumu ile unayoitaka, ndipo uondoe kubwa.

sudo apt install kde-plasma-desktop
sudo apt-mark manual network-manager cups firefox-esr inkscape gimp
sudo apt purge kde-full
apt -s autoremove

Herufi -s ni ya kuigiza, haifuti kitu. Soma orodha yote. Ukiona ndani yake network-manager, simama. Ukiendelea utabaki bila intaneti na bila njia ya kuirudisha, na boti ya Mokowe haileti pakiti za Debian. Orodha ikiwa safi, ndipo sudo apt autoremove.

Kwa kuwa duka linatumia bando, upakuaji ulifanywa kwa apt-get, si apt. Amri ya apt hufuta mafaili ya .deb baada ya kuyaweka. Apt-get huyaacha ndani ya /var/cache/apt/archives. Yaliyobaki humo yalinakiliwa kwenye flash kwa ajili ya laptopu ya ndugu yao wa Shela, yenye Debian ileile na prosesa ya amd64, bila kulipia bando mara ya pili. Kabla ya kukubali, apt husema itapakua kiasi gani; ukiongeza --no-install-recommends kiasi hupungua sana, ila usishangae baadhi ya vitu kukosekana, kama kichapishi kutoonekana kwenye mipangilio.

PDF ilitengenezwa kwa mstari mmoja. Programu chaguo-msingi hukaa ndani ya ~/.config/mimeapps.list, na ipo nafasi ya faili la kila eneokazi, mfano xfce-mimeapps.list, ambalo husomwa kwanza. Kwa akaunti zilizogawanywa faili la kawaida linatosha:

xdg-mime default org.gnome.Evince.desktop application/pdf

Kibodi ya Kiarabu ya mabango iliwekwa kwa mfumo mzima ndani ya /etc/default/keyboard: XKBLAYOUT="us,ara" na XKBOPTIONS="grp:alt_shift_toggle". Fonti zikaja kwa pakiti, fonts-hosny-amiri na fonts-sil-scheherazade, ili zionekane kwa wote badala ya kukaa nyumbani kwa mmoja.

Folda ya pamoja

Hapa ndipo palipokula muda kuliko kwingine kote, ingawa hapahusiani na maeneokazi moja kwa moja. Ukigawa akaunti, watu bado wanataka kupeana mafaili. Mpwa akimaliza kadi, mwenye duka ndiye anayeichapa.

sudo addgroup kazi
sudo mkdir /srv/kazi
sudo chgrp kazi /srv/kazi
sudo chmod 2770 /srv/kazi
sudo apt-get install acl
sudo setfacl -d -m g:kazi:rwX /srv/kazi

Hesabu na michoro waliingizwa kwenye kikundi kwa sudo adduser hesabu kazi na kadhalika, wakatoka na kuingia upya, kwa kuwa kikundi kipya hakionekani kwenye kikao kilichokwisha anza. Shule hakuingizwa, hana haja na vitambulisho vya wateja.

Faili linalozaliwa ndani ya folda hiyo hutii. Faili linalohamishiwa humo kutoka nyumbani hubaki na ruhusa zake za zamani, kwani kuhamisha ndani ya diski moja ni kubadilisha anwani tu. Na lile linalonakiliwa ni gumu zaidi kulitambua: kikundi kinaonekana kina haki zote, lakini kuandika kunakataliwa. Mwenye duka alifungua kadi iliyonakiliwa na mpwa, LibreOffice ikamwambia ni ya kusomwa tu. Amri ya getfacl, inayoonyesha ruhusa za faili, ikatoa jibu:

group:kazi:rwx    #effective:r--
mask::r--

Faili la asili lilikuwa 644, yaani mwenyewe huandika, wengine husoma tu. Kunakili kulibeba ruhusa hiyo, nayo ikawa kinyago kinachozuia haki ya kikundi. Dawa ni sudo chmod -R g+rwX /srv/kazi, na kwa kuwa watu hawatakumbuka, amri hiyo iliwekwa kwenye faili la kutekelezwa ndani ya /etc/cron.hourly, folda ya amri zinazoendeshwa kila saa. Jina la faili likawa ruhusa, bila .sh. Debian huyaruka mafaili yenye nukta kwenye jina humo, kimyakimya, na mtu anaweza kupoteza siku nzima akitafuta kwa nini amri haifanyi kazi.

Yaliyobaki

RAM ya GB 8 inatosha vikao viwili vilivyo wazi kwa pamoja, mradi mmojawapo asiwe na vichupo thelathini vya kivinjari. Eneokazi lililowekwa kwenye diski bila kufunguliwa halili RAM ya maana. Linalokula ni kikao kilichoachwa wazi. Iliongezwa zram-tools, inayobana data ndani ya RAM ili nafasi itoshe zaidi, na ndani ya /etc/default/zramswap ikaandikwa ALGO=zstd na PERCENT=50. Kubadilisha mtumiaji hufanywa kwa kufunga skrini kwanza, kisha Ctrl+Alt+F1, ambako GDM hukaa. Sauti humfuata aliye mbele ya skrini, ila usimtie mtu kwenye kikundi cha audio kwa kudhani unamsaidia. Atashika spika hata akiwa hayupo.

Dalili moja mpya ilijitokeza baada ya kugawa akaunti, nayo haina dawa ya amri. Flash ya mteja ikichomekwa wakati wa kikao cha michoro, hufunguliwa ndani ya /media/michoro, na ni michoro peke yake anayeruhusiwa kuingia. Mwenye duka akija kwenye kikao chake, anaiona flash haifunguki, naye mteja amesimama kaunta. Flash itolewe kwa amri ya kuitoa salama kabla ya kubadilisha mtumiaji, kisha ichomekwe tena. Maneno hayo yameandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya skrini.